George Maana Yake Mkulima

Dada yangu ana mimba ya miezi minane, na kwenye kundi la WhatsApp la familia vita ya jina imeshaanza. Mtoto ni wa kiume. Bibi, kutoka Kasulu, amesema lake: aitwe Ntare, jina la marehemu babu. Dada amejibu kwa orodha aliyoikuta mtandaoni ya majina ya kifalme kwa watoto wa kiume. Amechagua George. Ntare, anasema, ni jina la kishamba. Mtoto atachekwa shuleni.

Nampenda dada yangu, lakini hapa amepotea, na hajapotea peke yake.

Tuanze na orodha yake. George limetoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni mtu anayefanya kazi ya ardhi. Mkulima. Dada amekimbia ushamba akaangukia shambani! Charles nalo, jina la mfalme wa sasa wa Uingereza, lina asili ya neno la Kijerumani cha kale lililomaanisha mwanamume tu, mtu huru wa kawaida.

Sasa ufalme uliingiaje humo? George lilifika kwenye kiti cha Uingereza mwaka 1714, na mfalme aliyeletwa kutoka Hanover, Ujerumani. Mwaka 1917, vita na Wajerumani ikiwa imepamba moto, George wa Tano aliona jina la ukoo wake lina Ujerumani mwingi mno, akalitupa na kuchukua Windsor, jina la kasri. Mwanawe alibatizwa Albert, lakini alipopata kiti mwaka 1936 alijiita George wa Sita. Wenyewe hubadilisha majina kadiri hali inavyodai. Sisi ndio tunaoyapokea kama yameshuka kutoka mbinguni.

Na tuliyapokea kwa njia inayojulikana. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1921, ilikuwa na kichwa cha George wa Tano. Mzee aliyeuza kahawa yake alirudi nyumbani na George mfukoni. Ukishikishwa jina hilo kila unapolipa kodi, wajukuu zako watalisikia zito. Uzito huo haukutoka kwenye maana ya jina. Ulitoka serikalini.

Kama ni ufalme tunautafuta, haukuwa mbali. Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Anayejua Kiha au Kirundi hahitaji orodha ya mtandaoni. Ni simba, mwezi, mchana, na mtu anayewavusha wengine mto. Kasulu kwenyewe, zama za mkoloni, Mwami Theresa Ntare alitawala kwa jina hilohilo ambalo dada analionea aibu.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimefanya kosa lake lilelile, nimebadilisha mfalme tu. Ntare wa Tano wa Burundi alikalia kiti mwaka 1966 akiwa kijana wa miaka 18, akapinduliwa mwaka huohuo, akauawa mwaka 1972. Usimba wa jina haukumsaidia. Babu yangu naye hakuwa wa ukoo wa mwami. Aliuza dagaa kwa baiskeli, akakopesha nusu ya kijiji, na alipofariki wadeni wake ndio waliochimba kaburi. Ninaposikia Ntare, ndiye ninayemwona. Sioni kiti.

Hilo ndilo orodha za majina haziwezi kutupa. Zinatuuzia maana kama lebo kwenye shati, kana kwamba mtoto akivishwa jina la mfalme, heshima itamfuata. Jina hupata maana kwa aliyeishi nalo, na kwa wale wanaolikumbuka.

Dada, mwite George kama sauti yake unaipenda. Mkulima ni mtu wa heshima. Ila usituambie umemkwepesha mtoto ushamba. Na kabla hujaandikisha cheti, mpigie bibi. Kwetu mjukuu akichukua jina la babu, bibi humtania akimwita mume wangu. Ana miaka zaidi ya themanini. Hatafuti mfalme. Anataka kusimama uani jioni, aliite jina la mumewe, na mtu aitike.