Picha Mbaya Huushusha Ushanga Mzuri

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, siku hizi ambapo mnunuzi wa ng'ambo huichagua bidhaa kwa kuitazama pichani, chema kilichopigwa picha vibaya hakijiuzi asilani. Jambo hili linawahusu mno walimu na wanafunzi wa Kajiado, kaunti iliyojaliwa vitu vidogo vyenye thamani kubwa: mapambo ya ushanga ya akina mama wa Kimaasai, kazi za kioo za Kitengela, na zana za mawe za Olorgesailie.

Aghalabu picha za vitu hivi hupigwa kwa flashi ya simu, juu ya kitambaa chenye maua. Matokeo yake ni nukta nyeupe juu ya kila ushanga, kivuli cheusi kando ya mkufu, na rangi zisizo zake. Katika utamaduni wa Kimaasai, rangi za ushanga si urembo mtupu, zina maana. Picha inayoigeuza nyeupe kuwa manjano imepotosha kauli ya mama aliyeutunga, na bei yake hushuka pamoja nayo.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kamera ya bei ghali. Waama, dawa ni elimu, nayo imo tayari katika somo la fizikia. Mwanafunzi hufunzwa kwamba mwanga hurudi kutoka kwenye kioo kwa pembe ile ile uliyotua nayo, kisha kanuni hiyo huachwa daftarini. Sharti itolewe humo ifanye kazi.

Ushanga ni kioo kidogo cha mviringo. Huonyesha umbo la taa inayoumulika. Taa ikiwa ndogo, mng'ao huwa nukta kali. Basi mwanga na upanuliwe: dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, lililofunikwa karatasi nyembamba nyeupe, latosha. Upande wa pili isimamishwe kadi nyeupe ili kulainisha kivuli, na balbu za chumbani zizimwe zisichanganye rangi.

Kazi ya kioo ya Kitengela yataka kinyume chake. Uzuri wake umo ndani, hivyo mwanga na utoke nyuma, upenye karatasi nyeupe kisha kioo chenyewe. Jiwe la Olorgesailie nalo lataka mwanga wa ubavuni, ulioinama, ili kila kovu la kuchongwa litoe kivuli chake. Waakiolojia wana desturi ya kuumulika upande wa juu kushoto, ili picha zote zisomeke kwa namna moja, na huweka rula kando. Zana za mahali hapo, palipochimbuliwa na Louis na Mary Leakey katika miaka ya 1940, ni urithi wa taifa, wala haziokotwi. Mwanafunzi hurejea darasani na picha tu. Hiyo ni sababu tosha ya kuipiga vyema.

Kuhusu ukali wa picha, maadui ni wawili: mkono unaotetemeka na lenzi iliyosogezwa karibu mno. Simu na iegemezwe kwenye vitabu, ijipige yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Irudishwe nyuma kidogo, kwani kitu kikiwa karibu sana, sehemu yake moja tu huonekana wazi na nyingine hufifia.

Mwalimu atauliza, wakati uko wapi? Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wadai mwanafunzi atende badala ya kukariri. Katoni kuukuu, karatasi na dirisha havihitaji bajeti. Shule za Kitengela na Kajiado na zianze na ushanga wa nyumbani kwa wanafunzi wao, ziandike chini ya kila picha ni kitu gani, kimetoka wapi na rangi zake zina maana gani. Tukingoja wageni watupigie, tutakuja kununua picha za mali yetu wenyewe.