Ushirika Uanzie Darasani

Kijana atokaye Bomang'ombe kwenda Moshi kusoma katika Chuo Kikuu cha Ushirika aingia mahali penye historia. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 2014 kikapewa hadhi ya chuo kikuu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU yao tangu 1933. Watu wa mlima huu, basi, si wageni wa kushirikiana. Lakini twauliza: je, vijana wetu vyuoni husoma kwa ushirika, ama huketi pamoja tu?

Katika vyuo vingi nchini, darasa likijaa, mwalimu huwagawa wanafunzi katika vikundi, kila kikundi na swali lake. Mara nyingi mmoja huandika, wengine huongeza majina yao, na wote hupata maksi sawa. Huo si ushirika; ni unyonyaji wa kalamu. Tena asiyefanya kazi atatoka na cheti pasipo elimu, na kesho ndiye atakayekabidhiwa daftari za hesabu za chama cha wakulima.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mfongo wa maji ni mali ya ukoo mzima, lakini siku ya kuuzibua kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa faini. Huko Marekani, mwaka 1971, Elliot Aronson alianzisha mtindo unaofanana na huo katika shule za Austin: somo hugawanywa vipande, kila mwanafunzi hujifunza chake na kuwafundisha wenziwe, wala hakuna alijuaye somo zima pasipo wengine. Nasi tuliionja nguvu ya vikundi mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walipokusanyika penye redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Twawashauri walimu wa vyuo: kikundi kiwe cha watu wanne au watano, kila mmoja apewe sehemu yake, na siku ya mwisho aitwe yeyote, bila kutajwa mapema, aeleze kazi nzima. Maksi ziwe za kikundi, na za mtu vilevile. Kwa njia hii kazi ya mwalimu haitapungua bali itazidi. Kwa hiyo Serikali haina budi kumwongezea wenzake. Nanyi vijana, msikubali kutia jina penye kazi msiyoifanya. Umoja ni nguvu pale tu kila mkono unaposhika jembe.