Buluo: Kabla ya kumpiga mbweha, angalia kilicho nyuma yake

LIKASI – Katika mashamba na nyumba za Buluo, kando ya mji wa Likasi, mbweha, fungo na nguchiro ni majirani wa zamani. Kuku anapotea usiku, na asubuhi manyoya yanaonekana nyuma ya nyumba. Kwenye mahindi na miwa, ndezi anakata mabua chini kabisa. Kila hasara ya namna hiyo inaleta mazungumzo yaleyale: nani ana karabini, na ni risasi gani yenye nguvu zaidi. Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia: risasi ikimkosa mnyama, itaishia wapi?

Karabini ndogo inayojulikana zaidi duniani ni ya 22, yenye risasi ya upana wa karibu milimita 5.6. Kartushi yake ni tofauti na ile ya Kalashnikov. Kiwashio hakiko katikati ya kitako, kimo ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki inapiga ukingo huo. Ganda lake ni jembamba na halijazwi tena kwa matumizi ya kawaida. Bunduki hii haina kishindo kikubwa wala haimsukumi mpigaji begani. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingine kartushi inagoma, hasa ikiwa ya zamani au imeingia unyevu wa mvua. Ikigoma, mdomo wa bunduki ubaki umeelekezwa mahali salama kwa nusu dakika kabla ya kuifungua, kwa sababu inaweza kuwaka kwa kuchelewa.

Katika jamii hii kuna aina tatu zinazotajwa sana. Ya kwanza ni 22 Long Rifle, iliyoanza mwaka 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6, na inamtosha ndezi, sungura au kanga kwa umbali usiozidi mita 50 hivi. Ya pili ni 22 Magnum ya mwaka 1959. Kichwa chake kina uzito uleule, lakini mwendo wake unakaribia mita 570 kwa sekunde, na inamfaa mbweha hadi karibu mita 100. Ya tatu ni 17 HMR, iliyotolewa na Hornady wa Marekani mwaka 2002. Kichwa chake ni gramu 1.1 tu, kinakwenda mbio sana na kinavunjika vipande ndani ya mnyama. Kwa mbweha ni sawa. Kwa kanga anayesubiriwa na sufuria, nyama nyingi inaharibika.

Umbo la kichwa nalo lina maana. Kichwa kizima kisicho na tundu kinaweza kutoboa mnyama mdogo na kuendelea na safari. Kikigonga jiwe au udongo mkavu, kinaruka na kubadili njia. Kichwa chenye tundu mbele kinapanuka, kinaua haraka zaidi, na mara nyingi kinabaki ndani. Mwindaji mwenye busara anachagua chenye tundu kwa mbweha na fungo, na kwa mnyama wa kuliwa anapiga kichwa au anaacha kabisa. Kumjeruhi mnyama akafie porini hakumfaidi mtu yeyote.

Hapo ndipo Buluo inapotofautiana na pori lisilo na watu. Risasi ya 22 Long Rifle, ile inayoitwa ndogo, ikipigwa juu kidogo inaweza kusafiri karibu kilomita moja na nusu. Ndani ya umbali huo kuna mama anayelima mihogo, kuna wachoma makala, kuna watoto wanaotoka masomoni. Kuna pia gereza la Buluo lenye walinzi wenye silaha, na mlio wa bunduki usiku karibu na gereza hausikiki kama mlio wa kuwinda. Ikiwa 22 inahitaji tahadhari hiyo, Kalashnikov haina nafasi kabisa: risasi yake ya gramu 8 inapita mbweha bila kusimama. Bunduki ya kienyeji iliyojazwa vipande vya chuma ni hatari zaidi kwa mwenyewe, maana hakuna anayejua siku bomba lake litakapopasuka.

Katanga imebarikiwa na vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba. Mwindaji akisubiri mpaka mnyama awe mbele ya kichuguu, risasi inazama kwenye udongo. Asipopata kichuguu wala mteremko wa kupiga kuelekea chini, asipige. Mbweha atarudi kesho. Mtoto aliyepigwa harudi.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali cha kuwinda, na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali cha kumiliki silaha na risasi. Asiye na vibali hivyo hana haja ya kujadili aina ya kartushi. Na anayefikiri kwenda kuwinda Upemba au Kundelungu akumbuke kwamba hizo ni mbuga za taifa.

Jambo lingine linalosahauliwa ni risasi yenyewe ya madini. Vichwa vingi vya 22 ni vya risasi, na vipande vyake vinabaki kwenye nyama kuzunguka jeraha. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Ulaya imekataza chembe za risasi za bunduki katika maeneo ya majimaji tangu Februari 2023. Jikoni, sehemu pana kuzunguka jeraha ikatwe na kutupwa, isipewe hata mbwa. Katika mji wa migodi kama Likasi, damu za watoto zina mzigo wa kutosha tayari.

Tena, mbweha anayeingia uani mchana bila woga huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe kwa mikono, na mganga wa mifugo aarifiwe.

Mwishowe, banda la kuku lenye waya imara uliofukiwa ardhini, mlango unaofungwa kabla ya giza na mbwa mmoja mkali vinafanya kazi kila usiku bila kibali na bila hatari kwa jirani. Familia ya Buluo yenye feza kidogo ianze kununua waya. Karabini na kartushi zibaki kwa mwenye vibali, mwenye kichuguu mbele yake, na mwenye moyo wa kushusha bunduki pale asipokuwa na hakika.