Meno ya Bandia ya Wazee Wetu: Wajibu Hauishi Siku ya Kuyavaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo aghalabu halitajwi mimbarini wala barazani, nalo ni meno ya bandia ya wazee wetu. Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni la daktari peke yake, wala halina nafasi katika ukurasa huu. Lakini jambo hili linagusa tohara, linagusa Sala, linagusa saumu, na zaidi ya yote linagusa haki ya mzazi juu ya mtoto wake. Kwa hiyo ni letu sote.

Tutazame Kilambo, kijiji cha Mtwara Vijijini kilicho kando ya Mto Ruvuma, mahali watu wanapovukia kwenda upande wa Msumbiji. Chakula cha watu wa pwani hiyo kinataka meno: muhogo, ming'oko, korosho za kubanikwa, karanga, pweza na samaki mkavu. Mzee aliyepoteza meno hubaki na uji, au ugali uliolowekwa katika mchuzi. Watu wanapokusanyika kwenye sinia moja, yeye hunawa mapema na kusema ameshiba. Wajukuu humwamini. Ukweli ni kwamba hakushiba. Ameona haya kutafuna kwa fizi mbele ya watu, na ameona uzito kuwachelewesha wenzake.

Wapo waliojaaliwa watoto wenye uwezo. Kijana aliye Dar es Salaam au Muscat hutuma fedha, mzee akapelekwa mjini Mtwara, akachukuliwa vipimo na kurejea nyumbani na meno mapya. Familia hushukuru, na mtoto hupigiwa simu na kuombewa dua. Baada ya mwezi mmoja au miwili meno yale yamo katika kopo juu ya kabati, na mzee amerudi kwenye uji wake. Ukiuliza utaambiwa yanamuumiza, au yanacheza akizungumza, au yalianguka sakafuni yakapasuka. Na ukiwauliza watoto watakujibu, "Tulikwishamfanyia." Hapo ndipo penye hoja yetu ya leo: hawajamaliza. Meno ya bandia hayafanani na kanzu ambayo ukishainunua umeitimiza zawadi. Ni kiungo cha kuazima, na kiungo kinahitaji kuangaliwa maadamu mwenyewe yu hai.

Kwanza tuondoe shaka ya kisheria, maana wapo wazee wanaokataa meno ya bandia kwa kuhofia kwamba ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai kwamba sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Ujahiliya, akajiwekea pua ya fedha. Pua ile ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu, kama tujuavyo, ni haramu kwa mwanamume kuivaa kwa pambo. Lakini hapa palikuwa na haja, na haja ikafungua mlango. Kutokana na tukio hilo wanazuoni wakajuzisha kufunga meno yaliyolegea kwa dhahabu, na kuweka jino badala ya lililong'oka. Ikiwa dhahabu iliruhusiwa, basi meno ya leo, ambayo aghalabu ni ya plastiki ngumu iitwayo akriliki, yana njia nyepesi zaidi.

Kilichokatazwa ni kuchonga na kutenganisha meno mazima kwa ajili ya urembo. Watu wa kusini wanalielewa hili vizuri, kwani mila ya kuchonga meno ilikuwapo miongoni mwa Wamakonde vizazi vilivyopita. Yule aliharibu kilicho kizima. Huyu wa meno ya bandia anarejesha kilichopotea. Mambo haya mawili hayawekwi katika hukumu moja.

Wala ufundi huu haukuletwa kwetu jana. Tabibu wa Kiislamu Abul Qasim Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika namna ya kufunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na kueleza kwamba jino lililong'oka laweza kubadilishwa kwa jino lililochongwa katika mfupa wa ng'ombe. Karne nyingi baadaye, katika karne ya 18, matajiri wa Ulaya walichongewa meno kutokana na meno ya kiboko, mnyama yule yule aogeleaye katika Ruvuma. Meno hayo yalioza na kunuka kinywani. Leo mzee wa Kilambo anaweza kupata meno bora kuliko ya wafalme wa zama zile, ikiwa tu watu wake watakuwa na subira ya kumfikisha yanapotengenezwa.

Tunasema subira kwa sababu kazi yenyewe ni ya hatua. Kwanza kinywa hukaguliwa, meno mabovu yaliyosalia hutibiwa au kung'olewa, na fizi huachwa zipone, jambo ambalo laweza kuchukua wiki kadhaa au hata miezi. Kisha daktari huchukua chapa ya fizi kwa unga maalumu uliokorogwa kwa maji, ambao huganda kinywani kwa dakika chache. Chapa ile humiminiwa jasi, ukapatikana mfano wa taya. Fundi wa maabara ya meno hupanga meno juu ya nta, na mzee huitwa ayajaribu yakiwa bado katika nta, aangaliwe anavyouma na anavyotamka. Ndipo nta ile hubadilishwa kwa akriliki, ikapikwa, ikasuguliwa na kung'arishwa. Mara nyingi hizo ni safari nne au tano, na kwa mtu wa Kilambo kila safari ni kwenda Mtwara mjini na kurudi. Anayetaka yaishe kwa siku moja, au anayemkabidhi mzee kwa mtu asiye na taaluma atakayepachika meno kwa gundi juu ya yale yaliyobaki, amenunua maradhi ya fizi kwa fedha yake.

Na baada ya kuvaa ndipo kazi inapoanza. Siku za mwanzo mate huzidi, ulimi hukosa nafasi, na vidonda vidogo hutokea pale plastiki inapobana. Hii ni hali ya kawaida, na dawa yake ni kurudi kwa daktari apunguze mahali panapobana. Mzee asipopelekwa, huyavua asiyarudie tena. Meno ya chini yana taabu zaidi kuliko ya juu, kwa kuwa ya juu hushikwa na mnyonyo wa mate juu ya kaakaa pana, ilhali ya chini hukaa juu ya ukingo mwembamba huku ulimi ukiyasukuma. Zaidi ya hayo, mfupa wa taya lisilo na meno huendelea kusinyaa mwaka baada ya mwaka. Meno yaliyokaa sawasawa leo yatalegea baadaye, na itabidi yaongezewe tabaka jipya kwa ndani, au yatengenezwe mengine baada ya miaka 5 hadi 10. Basi mtoto asimlaumu mzazi kwa kusema, "Ya kwanza umeyafanya nini?" Taya ndilo lililobadilika.

Tuje kwenye Sala. Herufi za Kiarabu zina matokeo yake kinywani, na baadhi yake hazitoki ila kwa msaada wa meno ya mbele. Thaa, dhaal na dhwaa hutoka kwa ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu. Faa hutoka kwa meno ya juu na mdomo wa chini. Mzee asiyeweza kuzitoa kwa kukosa meno ana udhuru, na Sala yake mwenyewe ni sahihi. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli inayotegemewa ni kwamba anayebadili herufi za Suratul Fatiha hawi imamu wa yule anayezisoma sawasawa. Matokeo yake tunayaona misikitini: imamu aliyewasomesha watu miaka 30 anasogezwa safu ya nyuma kimya kimya, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kusaidiwa meno. Huu si uungwana. Jamaa wa msikiti wanaochangishana kununua zulia jipya wanaweza pia kuchangishana nauli na gharama za kinywa cha mwalimu wao. Na akishavaa, wampe muda. Ulimi hujifunza upya, na njia nzuri ya kuufundisha ni kusoma kwa sauti kila siku polepole. Hakuna kisomo kinachofaa zaidi kwa zoezi hilo kuliko Qur'ani.

Kuhusu tohara, kusukutua katika udhu na katika josho ni sunna kwa madhehebu ya Shafi, kwa hiyo udhu wa aliyevaa meno unasihi bila kuyavua. Wenzetu wa Hanafi wanaona kusukutua ni faradhi katika josho la janaba, na mwenye meno ya kuvuliwa akiyavua wakati wa kuoga ametoka katika khitilafu. Ama saumu, kuwapo kwa meno kinywani hakuifunguzi. Lililo muhimu ni kuyasafisha baada ya daku, yasibaki mabaki ya chakula ambayo mtu atayameza kwa makusudi mchana.

Mtume (S.A.W.) alihimiza mno mswaki, na meno ya bandia nayo yana haki yake katika himizo hilo. Tunashauri kila nyumba yenye mzee ishike utaratibu huu. Baada ya kula, meno yasuuzwe. Baada ya Sala ya Isha yavuliwe, yasuguliwe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, kisha yasuuzwe sana. Dawa ya meno yenye chembe za kusugua huyakwaruza, na maji ya moto huyapinda, kwa hiyo vyote viwili viepukwe. Wakati wa kuyasafisha liwekwe chini beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Usiku yalale katika maji safi, na fizi zipumzike hadi Alfajiri. Anayelala nayo kila usiku hukaribisha utando wa fangasi na wekundu wa kaakaa. Na vipande vidogo vyenye jino moja au mawili vinaweza kumezwa au kuingia katika njia ya pumzi usingizini.

Yakivunjika, vipande vyote vikusanywe hata vidogo, vipelekwe kwa fundi. Gundi kali ya dukani ina sumu isiyofaa kinywani, na ikishakauka vibaya humzuia fundi kuviunganisha sawasawa. Wala mtu asiyakwangue kwa kisu au msasa pale yanapobana. Aliyekwangua mahali pasipo huharibu mshiko wote. Na kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari haraka, hasa kwa anayetafuna tambuu yenye tumbaku, kwani kinaweza kuwa saratani.

Meno ya aliyefariki asirithishwe mtu mwingine. Kila taya lina umbo lake, na meno yaliyochukuliwa vipimo vya marehemu yatamjeruhi aliye hai. Wakati wa kumwosha maiti, yale yanayotoka kwa urahisi huvuliwa. Yaliyogandishwa imara huachwa, kwa kuwa heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai.

Inabaki gharama. Mtoto mwenye uwezo analazimika kumtunza mzazi wake mhitaji, na kwa maoni yetu matibabu ya kinywa yamo katika matunzo hayo, kwani atamlishaje asiyeweza kutafuna? Wala asihesabu matumizi hayo kuwa ni Zaka yake, maana Zaka haitolewi kwa mzazi ambaye kumtunza ni wajibu juu yako. Wazee wasio na mtoto mwenye uwezo ndio wanaostahiki Zaka na sadaka za majirani. Watu wa Mtwara wanajua msimu wa fedha: korosho huvunwa na kuuzwa katika miezi ya mwisho wa mwaka. Fedha hiyo hupata njia nyingi za kutokea, zikiwamo shangwe za harusi na unyago zenye matumizi makubwa. Tunawaomba wenye mashamba watenge fungu la kinywa cha baba na mama kabla ya kukodi muziki.

Na aliye mbali asidhani kwamba muamala wa simu umemaliza kila kitu. Mzee wa miaka 75 hapandi gari kwenda Mtwara mara tano peke yake, akasubiri foleni na kumweleza daktari kwa maneno yasiyosikika vizuri mahali panapouma. Anahitaji mtu wa kumshika mkono. Basi ndugu wagawane: huyu atoe fedha, huyu atoe siku zake, na wote wawili washiriki thawabu. Mzee akikaa tena kwenye sinia na wajukuu wake, akatafuna ming'oko na kuzungumza akaeleweka, hapo ndipo mtoto atakuwa ametoa zawadi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotutangulia, na atupe nasi watoto watakaotujali uzeeni. Amin.

Wabillahi tawfiq.