Kwa Wazazi: Kijana wa Marekani Anayetaka Kuwa Injinia

Tangu jamaa nyingi za Kongo zilipohamia Marekani, habari zinazorudi huku hutaja mara kwa mara jina geni: chuo cha jumuiya. Wajomba na mashangazi waliobaki Bukavu au Kalemie husikia kwamba kijana wao, aliyekuwa hodari wa hesabu, ameingia chuo cha mji badala ya chuo kikuu, nao huhuzunika wakidhani ameshindwa. Hakushindwa. Huenda amechagua vema kuliko wengi, ikiwa amejua namna ya kupanga.

Chuo cha jumuiya ni chuo cha serikali cha miaka miwili. Karo yake ni ndogo, na mlango wake u wazi kwa karibu kila mtu aliyemaliza sekondari. Kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Leo California peke yake inavyo 116, na Iowa, ambako jamaa nyingi za Kikongo zinakaa, inavyo 15. Mwanafunzi husoma humo miaka miwili ya kwanza ya uinjinia, kisha huhamia chuo kikuu kwa miaka miwili ya mwisho, na shahada yake hubeba jina la chuo kikuu.

Wasomaji wetu waliosoma zamani watakumbuka graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili. Mambo haya yanafanana kidogo, lakini tusidanganyike. Kwetu mtu alipanda ngazi ndani ya nyumba moja. Kule nyumba ni mbili, kila moja ina wakubwa wake na vitabu vyake, na kijana ndiye anayebeba mzigo wa masomo yake kutoka mlango hata mlango. Njiani mzigo humwagika. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza asilimia 43 ya krediti zao.

Hasara hiyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika kuchanganya maneno mawili. Chuo kikuu chaweza kuipokea krediti ya somo fulani, kikaiandika katika kitabu chake, na bado isihesabiwe katika shahada ya uinjinia. Kijana aliyesoma historia, saikolojia na muziki kwa bidii amepokelewa kwa heshima zote. Lakini katika uinjinia amesimama mlangoni, kwa sababu hana hesabu wala fizikia. Hata diploma ya jumla ya chuo cha jumuiya, ambayo wazazi hupenda kuiona ukutani, haizibi pengo hilo.

Uinjinia ni ngazi ya hesabu. Kuna kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha milinganyo ya diferensia. Kila moja hungoja ile iliyotangulia, na kwa kawaida kila moja huchukua muhula. Hiyo ni mihula minne, yaani miaka miwili kamili, kwa yule tu anayeanza na kalkulasi siku ya kwanza. Aliyewekwa katika aljebra ya chini aongeze mwaka au zaidi. Tena fizikia ya mainjinia hungoja kalkulasi, na somo la statika hungoja fizikia. Katika chuo kidogo huenda statika ikafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Aliyekosa zamu hiyo amepoteza mwaka mzima kwa ajili ya somo moja.

Hapa vijana wetu waliomaliza Math-Physique wana akiba ambayo hawaijui. Derivata na integrali walikwisha kuziona kwa Kifaransa. Lakini wakifika kule, Kiingereza huwaangusha katika mtihani wa kupimwa, nao huketishwa kujifunza tena mambo ya darasa la chini. Basi diploma na matokeo ya shule yatafsiriwe mapema, na kijana arudie hesabu zake kwa maneno ya Kiingereza kabla ya kupimwa. Wengine hushauri amalize kwanza Kiingereza, hesabu baadaye. Sisi hatukubali, hesabu iliyolala mwaka mzima husahaulika.

Mpango uanzie mwisho: chuo kikuu gani, na uinjinia wa namna gani? Wa umeme atatakiwa masomo ya sakiti; wa kemia atatakiwa kemia ogania. California, mapatano ya vyuo vya serikali, somo kwa somo, yameandikwa wazi katika orodha iitwayo ASSIST. Matawi sita ya University of California huahidi nafasi kwa anayetimiza masharti, naye huomba ahadi hiyo mwezi wa Septemba, mwaka mmoja kabla ya kuhamia. Berkeley, Los Angeles na San Diego hayamo. Iowa, chuo kikuu cha Iowa State kina ushirika na vyuo vya jumuiya, na mwanafunzi hupata mshauri wa chuo kikuu akiwa bado upande wa pili. Aulize swali lake kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi.

Fedha nazo zina mwisho. Msaada wa serikali uitwao Pell Grant, ambao hata mgeni mwenye ukaaji wa kudumu aweza kuuomba, ulifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–2025. Lakini mtu hupewa kwa mihula 12 tu maishani, chuo cha jumuiya na chuo kikuu pamoja. Mihula minne ya masomo yasiyohesabiwa ni theluthi ya riziki hiyo.

Neno la mwisho ni kwa sisi tuliobaki huku. Kijana anayefanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, na asubuhi akasoma kalkulasi na fizikia, hana saa za ziada. Mitihani ya kufunga muhula huangukia Desemba, siku zilezile ambazo simu za kuomba fedha za Noeli huwa nyingi. Mwaka huu tumpigie baada ya mitihani.