Mvuvi Naye Asikiwe na Setilaiti

Manyamanyama, katika mji wa Bunda, ni mahali zinapokutana safari za aina mbili. Upande mmoja ziko njia ziendazo Serengeti, kupitia lango la Ndabaka na nyika za mto Grumeti. Upande mwingine iko mialo ya Ghuba ya Speke, kutoka Guta hadi Kibara na Kisorya, ambako wavuvi huingia majini jua linapokuchwa na kurejea kunapopambazuka. Mtalii aendaye porini na mvuvi aendaye ziwani wana jambo moja la kufanana: wakishapita umbali fulani, simu zao za mkononi hunyamaza. Minara ya simu imejengwa kuwafuata watu walipo, wala si kuifuata hatari ilipo.

Mfanano wao unakoma hapo. Si ajabu siku hizi kumkuta mtalii, au kampuni inayomwongoza, ana kifaa kidogo cha setilaiti kinachoweza kuita msaada kutoka mahali popote duniani. Ndege ndogo zinazotua mbugani nazo huwa na kifaa cha dharura ambacho huanza kuita chenyewe ndege inapoanguka. Mvuvi wa dagaa, ambaye jasho lake linalisha maelfu ya wananchi wenzake, ana tochi, ana filimbi labda, na ana sauti yake. Setilaiti ipitayo juu ya Serengeti hupita pia juu ya Ghuba ya Speke, na haichagui nani wa kumsikia. Tunaochagua ni sisi wa nchi kavu.

MFUMO UPO TAYARI

Wapo wadhanio kwamba mambo ya setilaiti ni ya mataifa makubwa, na kwamba kuyazungumza katika kijiji cha wavuvi ni anasa. Fikra hiyo hapana budi iachwe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ya uchunguzi wa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kwa hiyo Afrika Mashariki si mgeni katika shughuli hizi.

Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji uitwao Cospas-Sarsat. Mwaka 1979, wakati mataifa makubwa yalipokuwa yakitazamana kwa uhasama, Urusi ya Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa zilikubaliana kushirikiana katika jambo moja la utu, nalo ni kusikiliza kilio cha mtu aliyepotea. Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa na Wasovieti mwezi Juni 1982. Mwezi Septemba mwaka huohuo ndege ndogo ilianguka katika milima ya British Columbia, nchini Kanada, na watu watatu waliokuwamo waliokolewa kwa msaada wa setilaiti hiyo ya Kisovieti. Ikiwa mahasimu wa siku zile waliweza kushirikiana kwa ajili ya abiria watatu, sisi tunaokunywa maji ya ziwa moja tutashindwaje?

Utendaji wa mfumo huu ni rahisi kuueleza. Mtu aliye hatarini hufungua kifaa chake na kuinua antena. Kifaa hupeleka ishara kwa masafa ya megahezi 406. Setilaiti huipokea na kuishusha kwenye kituo cha ardhini, na kutoka hapo habari hupelekwa kwa mamlaka ya uokoaji ya eneo husika. Vifaa vinavyobebwa na mtu mmoja hutakiwa kuita kwa saa 24 bila kukoma, na vile vya vyombo vya majini kwa saa 48. Chenye uwezo wa kutambua mahali kilipo huonyesha eneo kwa tofauti ya mita mia moja hivi. Aidha, aliye taabani halipi chochote kwa kuita. Gharama ni ya kununua kifaa na kubadili betri yake muda unapokwisha, basi.

Faida ya kujua mahali yafaa ipimwe kwa hesabu. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nusu yake hivi iko Tanzania. Tuseme injini ya mtumbwi imezimika usiku, na mtumbwi unasukumwa na upepo kwa mwendo wa kilomita tatu tu kwa saa. Baada ya saa kumi utakuwa umekwenda kilomita 30, na asiyejua umeelekea wapi atalazimika kutafuta katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,800. Eneo hilo halimalizwi kwa boti mbili na mapipa mawili ya mafuta. Lakini mtu akijua mahali kwa tofauti ya mita mia moja, boti moja yatosha.

Iko aina ya pili ya vifaa, ambavyo huandika na kupokea ujumbe kwa setilaiti. Hivi vina manufaa, kwa kuwa mgonjwa aweza kueleza ameumwa na nyoka au amevunjika mguu. Lakini hulipiwa ada, na ujumbe wa dharura hupelekwa kwenye kituo cha kampuni nchi za nje. Kampuni moja mashuhuri ina kituo chake Texas, Marekani. Kadhalika, tangu Novemba 2022 zimekuwapo simu za mkononi zenye uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, lakini huduma hiyo ilianzia Marekani na Kanada, na huruhusiwa nchi baada ya nchi. Mwananchi asidanganywe dukani kwamba kila simu mpya itamwokoa katikati ya Ghuba.

NANI ANASIKILIZA?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ishara ikishasafiri hadi angani na kurudi, kisha ikafika kwenye meza ya ofisa wa zamu, bado haijamwokoa mtu. Anayeokoa ni binadamu mwenye boti, mafuta na ujuzi, aliye karibu na ambaye ameambiwa. Ofisa wa Texas akipokea ujumbe kutoka majini mbele ya Kisorya, atampigia nani simu? Na huyo aliyepigiwa, atamwamsha nani?

Historia ya ziwa letu inatufundisha hivyo kwa uchungu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, walikufa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Kivuko hicho hakikuhitaji setilaiti ili kijulikane kilipo, kwa maana watu waliokuwa pwani walikiona kwa macho. Kilipakia kupita kiasi, na giza lilipoingia uokoaji ulisimamishwa hadi asubuhi. Mwishoni mwa Julai 2023, hapahapa wilayani Bunda, katika kijiji cha Mchigondo, mitumbwi iliyokuwa imewabeba waumini waliotoka ibadani ilizama, wakafa watu zaidi ya kumi, wakiwamo watoto.

Kwa hiyo tusiwadanganye wananchi. Kifaa cha setilaiti hakishindani na jaketi la kuokolea maisha, kwa sababu mtu asiyeelea hatadumu majini hadi boti imfikie. Wala hakishindani na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kwa sababu dhoruba iliyokwepwa haihitaji mwokozi. Mpango ni huu: kwanza jaketi, pili utabiri, tatu idadi halali ya abiria, na nne kifaa cha kuitia msaada. Lakini la nne kuja nyuma ya matatu si sababu ya kuliacha. Mvuvi wa sangara aliyekwenda mbali, mwenye jaketi na aliyesikiliza utabiri, bado aweza kuharibikiwa na injini. Huyo ndiye tunayemsemea.

Serikali haikulala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Uchukuzi wa Ziwa Viktoria mwaka 2007. Mradi wa Mawasiliano na Uchukuzi wa Ziwa Viktoria, ulio chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipangwa ujenge kituo cha kuratibu uokoaji mkoani Mwanza pamoja na vituo vidogo kandokando ya ziwa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Walakini kituo cha Mwanza, hata kikiwa na mitambo bora namna gani, hakiwezi kuwa na mkono mrefu wa kufika kila mwalo. Mkono huo ni wananchi wenyewe.

LA KUFANYA

Kwanza, vifaa hivi vimilikiwe kwa ushirika. Kifaa kimoja cha mtu binafsi huuzwa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya dola 300, fedha ambazo mvuvi mmoja hawezi kuzitoa bila kuwanyima wanawe chakula. Lakini mitumbwi huvua kwa makundi. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha kila mwalo kinaweza kununua vifaa vichache, kikaviazima kwa mitumbwi iendayo mbali, na kuviandika katika daftari vinapotoka na vinaporudi. Halmashauri zitenge sehemu ya mapato ya uvuvi kwa kazi hiyo. Fedha itokayo ziwani haitapotea ikirudi kumlinda mtu wa ziwani.

Pili, kila kifaa kiandikishwe. Kila kimoja kina namba yake, na namba hiyo ndiyo humwambia mwokozi ni cha nani, cha chombo gani, na nani aulizwe nchi kavu. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka ughaibuni bila kubadilishwa namba kitajitambulisha kuwa ni cha nchi ile, na habari za mwenyewe zitatafutwa huko. Mamlaka ya Mawasiliano inayoidhinisha vifaa, na shirika la TASAC linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, yafaa yawe na daftari moja, na mvuvi aandikishe kifaa chake palepale mwaloni bila kufunga safari ya mjini.

Tatu, kila mwalo mkubwa uwe na boti ya zamu, mafuta yasiyoguswa kwa kazi nyingine, na majina ya watu wa kuamshwa. Orodha hiyo iwe kwa polisi, kwa kituo cha Mwanza, kwa askari wa hifadhi wenye simu zao za upepo, na kwa waganga wa Manyamanyama watakaompokea mgonjwa. Tusisahau kwamba aliyeumizwa porini naye huletwa Bunda. Mlango wa kutokea hatarini ni mmoja kwa wote wawili.

Nne, pawe na nidhamu. Kifaa hiki si cha kuchezewa na watoto wala cha kujaribia sokoni. Ishara moja ya uongo humtoa mwokozi kwa mtu mwingine ambaye huenda anazama kwelikweli.

Watakuwapo watakaosema kwamba vifaa vya setilaiti vikisambaa, majangili na wafanya magendo watavitumia. Hoja hii si ya kupuuzwa, hasa kwa mkoa wetu uliopakana na Kenya na uliobeba sehemu ya Serengeti. Lakini tutofautishe vitu. Simu na vifaa vya kuandikiana ujumbe kwa setilaiti vyaweza kumsaidia mwovu, na ni haki vitolewe kwa kibali. Kifaa cha ishara ya dharura hakizungumzi na mtu. Kazi yake ni moja tu, kusema hapa nilipo njooni. Jangili atakayekifungua ataiita Serikali impate. Kwa hiyo kanuni ziwe nyepesi kwa kifaa hicho na nzito kwa vile vingine. Kuviweka vyote katika kapu moja ni kumwadhibu mvuvi kwa kosa la jangili.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitutahadharisha tusiamini kwamba fedha na mitambo peke yake ndiyo msingi wa maendeleo. Msingi ni watu na uongozi wao. Setilaiti ni mtambo. Imetengenezwa na wengine, imelipiwa na wengine, nayo inapita juu yetu kila siku bila kutudai kitu. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna taifa lolote litatufanyia: kumpanga mtu wa zamu, kumwekea mafuta, na kumpa mvuvi kifaa cha kumwitia.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa madiwani wa Bunda, Musoma, Rorya na Ukerewe, na kwa kamati za siasa za wilaya hizo, kwamba wanapokaa kujadili bajeti wajiulize swali moja kabla ya mengine yote: ishara ikija usiku wa leo kutoka katikati ya Ghuba ya Speke, ni nani atakayeamka, na boti yake ina mafuta?