Asilimia 3 Yetu Isiishie Kwenye Nguzo

Makamanda, kabla hujaendelea kusoma, fungua meseji yako ya mwisho ya LUKU. Usiangalie yuniti. Shuka chini kwenye makato. Utakuta VAT, EWURA asilimia 1, halafu REA asilimia 3. Hiyo ya REA ndiyo ninayotaka tuiongelee leo, kwa sababu ni hela yako na hakuna anayekupa hesabu yake.

Asilimia hiyo 3 inakwenda Mfuko wa Nishati Vijijini. Hata petroli ya bodaboda unayopanda inachangia mfuko huo huo. Ni jambo jema, na hakuna mtu mwenye akili atakayekataa kumchangia mama wa kijijini apate taa. Swali ni je, taa imewaka?

Wenzetu wa kijani wana jibu moja wanaloimba kila jukwaani: "Vijiji vyote vimefikiwa na umeme." Sikiliza hilo neno, kufikiwa. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, lakini ina vitongoji zaidi ya 64,000. Nguzo ikisimama shuleni au kwenye ofisi ya kijiji, kijiji kimehesabiwa. Wewe uliyeko kitongoji cha tatu, ng'ambo ya mto, unaendelea na tochi ya simu. Kwenye takwimu una umeme, kwenye nyumba yako huna. Huo sio uongo wa namba, ni uongo wa maneno, na ndio mbaya zaidi kwa sababu wanaweza kuuapia.

Mimi nimelijua hili kwa mama yangu mkubwa, huko Ukerewe. Miaka miwili iliyopita tulichanga kwenye familia tukamnunulia sola, ile ya kawaida ya kioo. Ikafungwa kwenye bodaboda, tukaagana nayo. Barabara ya mawe ikafanya kazi yake, ilifika ina ufa kutoka kona hadi kona. Tukasema basi, tujaribu zile nyepesi zinazopinda. Nilinunua duka moja mjini, lebo imeandikwa wati 200. Fundi alipoipima saa sita mchana, jua kali, haikufika hata wati 70. Hela ya dagaa ya miezi mitatu ikaenda hivyo. Mwenye duka akaniambia, "Kaka, bidhaa ikishatoka hairudi."

Mtu mwingine angesema basi, hizo sola nyepesi ni utapeli. Hapana. Utapeli ni wa lebo. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, na tusipoielewa tutaendelea kuibiwa na wauzaji huku na kudanganywa na wanasiasa kule.

Sola ya kawaida imebebwa na kioo na fremu ya alumini. Ya wati 100 ina uzito wa kilo 6 hadi 8. Hii inayopinda, seli zake ni nyembamba na zimefunikwa kwa plastiki badala ya kioo. Unene wake ni milimita chache, na ya wati 100 ina kilo kama 2. Mtu anaibeba kwapani. Inapanda kwenye mtumbwi, kwenye paa la nyasi, kwenye kibanda cha miti ambacho kingelala chini ukikipandishia vioo vitatu. Njiani hakuna kioo cha kuvunjika.

Sasa hesabu. Wati 100 kwenye jua letu la saa kama 5 kali, ukitoa upotevu, unapata kama wati-saa 400 kwa siku. Hizo zikiingia kwenye betri nzuri zinawasha taa 4 za wati 5 kwa saa 5, zinachaji simu 10, na redio inabaki inaongea. Kwa mvuvi wa dagaa anayelala ziwani na karabai, taa za LED zinazochajiwa mchana kwenye paa la mtumbwi wake ni mafuta ambayo hatanunua usiku huo.

Na bodaboda je? Hapa tusidanganyane. Ukimwona mtu anakuuzia sola ya kubandika kwenye pikipiki eti utatembea bure, mkimbie. Betri ya pikipiki ya umeme ni kama kilowati-saa 2 au 3, na sola moja ya wati 100 itahangaika nayo karibu wiki nzima. Lakini weka sola 10 juu ya paa la kijiwe. Uzito wote ni kilo kama 20, na kwa siku unapata kilowati-saa 4 hivi. Hizo zinajaza betri mbili ndogo, juu ya kibanda kile kile ambacho vijana wanakaa kusubiri abiria. Waganda walionyesha basi lao la Kayoola lenye sola kwenye paa mwaka 2016. Paa peke yake haliendeshi basi siku nzima, linasaidia betri. Lakini walithubutu, sisi tunasubiri mkataba.

Nitasema na ubaya wake, maana chama chetu sio cha kuuza ndoto. Sola hizi hazidumu kama za kioo, ambazo zinafika miaka 25. Zile za plastiki rahisi zinageuka njano na kupasuka ndani ya miaka michache. Zenye plastiki ya ETFE zinavumilia zaidi, ila bei yake iko juu. Ukiigundisha moja kwa moja kwenye bati, inapikwa na joto na umeme unashuka, kwa hiyo lazima hewa ipite chini yake. Ukiikunja kupita kiasi seli zinapata nyufa usizoziona. Kama una nyumba ya matofali, paa imara na barabara nzuri, nunua ya kioo. Mimi naongelea yule ambaye kioo hakimfikii na nguzo haimfikii.

Watasema, "Sola ni umeme wa maskini, sisi tunajenga gridi ya taifa." Gridi tunaihitaji. Mashine ya kusaga na karakana ya kuchomelea haziendi na wati 100. Lakini gridi ina ukweli wake pia. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na tuliambiwa shida ya umeme imekwisha. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais mwenyewe akaeleza kwamba Kanda ya Kaskazini itaagiza umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaotoka kusini unapotea njiani na upotevu huo unakula mabilioni. Hayo hatukuyatunga sisi. Kama umeme unachoka kabla ya kufika Moshi mjini, utafika lini kwenye kisiwa chenye kaya 40?

Kinachonikera ni kwamba sheria haiwafungi mikono. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, iliyounda REA, inazungumzia nishati ya kisasa vijijini. Haijasema nguzo tu. Wanapenda nguzo kwa sababu ina mkandarasi, ina utepe wa kukata na kamera za kurekodi. Sola ya kilo 2 kwenye paa la nyasi haina mgeni rasmi.

Kwa hiyo vijana tudai mambo matatu, na tuyadai kwa sauti moja.

Kwanza, kaya iliyo kwenye kitongoji kisicho na laini ipate ruzuku ya sola kutoka mfuko ule ule tunaoukatwa, kama njia kuu na sio mradi wa pembeni. Na hesabu ya mafanikio iwe taa zinazowaka, sio nguzo zilizosimama.

Pili, TBS wapime wati halisi, bandarini na madukani. Lebo ikisema 200 na sola ikatoa 70, huo ni wizi kama wizi mwingine. Mnunuzi apewe dhamana ya maandishi na arudishiwe hela yake.

Tatu, VETA wafundishe vijana kufunga na kupima sola, angalau wawili kila kata. Mama yangu mkubwa angekuwa na fundi jirani mwenye mita, tungejua kabla ya kulipa.

Na sisi wenyewe tujisahihishe. Mgao ukija tunaposti mishumaa, tunacheka, umeme ukirudi tunasahau. Mgao wa mwishoni mwa 2023 tuliuposti sana. Tulidai nini? Hakuna anayekumbuka.

Kazi ya mwezi huu ni hii. Nenda kwenye mkutano wa kitongoji chako, hata kama mwenyekiti ni wa chama kile. Uliza kwa adabu: "Mwenyekiti, kaya ngapi hapa zinawasha taa usiku, na ngapi haziwashi?" Ombeni iandikwe kwenye muhtasari. Halafu piga picha ule muhtasari, weka pembeni na meseji yako ya LUKU inayoonyesha REA asilimia 3, ficha namba ya mita, mpelekee diwani na mbunge. Wa kwao na wa kwetu, wote.

Mama mkubwa bado anatumia tochi. Akiniuliza sola yake iko wapi, namwambia tunaidai. Tusaidieni kuidai.